Mashine ya kufulia haifui: vyombo vya umeme na masomo ya juu katika nyumba changa

Sentensi iliyonifanya niandike maandishi haya ni fupi. Nilikuwa nimeketi na wenzangu wa masomo ya juu, tunazungumza juu ya maisha ya ndoa, nikasema: "Ninamsaidia bibi yangu sana kazi za nyumba. Hata mashine ya kufulia nimemnunulia." Mke wangu alikuwapo. Yeye pia ni mwanafunzi wa masomo ya juu katika kitivo hikihiki. Yeye historia, mimi isimu. Pale mbele ya watu hakusema neno. Jioni tulipofika nyumbani akaniuliza: "Unanisaidia kazi ya nani?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumeoana miezi saba. Mimi nilikuwa nimekwisha kukabidhi sura ya tatu ya tasnifu yangu. Yeye alikuwa bado kwenye sura ya kwanza, ingawa tulianza pamoja, na ingawa waliotufundisha sote wawili wanajua kwamba mwepesi wa kuandika ni yeye. Nyumbani tulikuwa na friji, pasi, resho, mashine ya kufulia, bateri na kompyuta mbili. Kwa hesabu ya kawaida, vyombo hivyo vilipaswa kumpa muda. Havikumpa. Hapa ninataka kueleza kwa nini, maana sidhani kama nyumba yetu iko peke yake. Maelezo yatapitia umeme wenyewe, kisha historia ya vyombo vya nyumbani, na mwisho sarufi ya Kiswahili tunachotumia tunapozungumza juu ya kazi.

Saa ya umeme si saa ya mwenye nyumba

Anayenunua mashine ya kufulia dukani hupewa mashine tu. Umeme na maji ya kuiendesha lazima avitafute mwenyewe. Hapa Lubumbashi tunaishi karibu na mabwawa ya zamani. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930, na yale ya Nzilo na Nseke kwenye Lualaba yalijengwa miaka ya 1950. Lakini yalijengwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya Union Minière, si kwa ajili ya pasi na resho za wakaaji wa mitaa. Hata njia ya waya ya kilomita 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilivutwa ili kuupeleka umeme kwenye shaba. Tangu wakati huo mji umepanuka sana, na umeme unaobaki baada ya migodi kushiba hautoshi nyumba zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mitaa hupewa kwa zamu. Zamu hiyo ndiyo tunayoiita delestaji.

Matokeo yake kwa mwanafunzi ni haya: chombo cha umeme hakifanyi kazi mwenye nyumba anapotaka, bali mtandao unapotaka. Kwetu umeme hupenda kurudi usiku wa manane. Ukirudi, mtu lazima aamke. Atachomeka friji baada ya kuangalia kama umeme umetulia, kwa sababu ukirudi kwa nguvu ukapanda na kushuka unaweza kuunguza mota. Ataweka bateri kwenye chaji, na simu, na kompyuta. Atapiga pasi nguo za kesho. Ataweka maharagi kwenye resho ili kuokoa makala, maana hapa kwetu makala ni mkaa kwanza, ndipo maandishi ya gazeti. Kisha atalala nusu usingizi, sikio moja likisikiliza kama sufuria inakauka.

Mashine ya kufulia ina haja nyingine. Inataka maji, na bomba letu halina nguvu ya kuyafikisha mashineni. Tuseme ngoma inachukua lita 40. Kufua mara moja na kusuuza mara mbili ni lita 120, yaani bidoni sita za lita 20. Kila bidoni lina kilo 20 za maji. Mtu atayachota, atayabeba, atayamimina, atangoja, atayatoa machafu, atamimina mengine. Mashine imeondoa kusugua, na hilo si dogo. Lakini kubeba, kungoja na kuangalia vimebaki.

Bateri inamsaidia anayeketi

Baada ya mwezi wa tatu wa ndoa tulinunua bateri na konvertisa, na nilijiona nimetatua matatizo yote. Ni hapa ambapo hesabu ndogo ya wati ingenifundisha mapema.

Bateri ya kawaida ya risasi na asidi yenye volti 12 na ampea-saa 100 ina, kwa kuzidisha, wati-saa 1,200. Lakini bateri ya aina hiyo haipendi kumalizwa. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, inakufa mapema. Zimebaki wati-saa 600. Konvertisa nayo hula sehemu yake, basi tuhesabu 500 za kutumia.

Kompyuta ya mapajani hutumia wati 50 hivi, na taa ndogo ya kisasa wati 10. Kwa wati-saa 500, mtu mmoja anaweza kuandika kwa saa nane na zaidi. Sasa chukua resho la wati 1,500. Wati-saa zilezile zitaliendesha kwa dakika ishirini tu, na kwa kweli hata dakika hizo hatutazipata, kwa sababu konvertisa ndogo itazima kabla. Pasi ni vilevile. Chochote kinachotoa joto hula umeme mwingi: kupika, kupiga pasi, kuchemsha maji. Kinachotoa mwanga, sauti au maandishi hula kidogo.

Kwa hiyo bateri, ikiingia katika nyumba ya wanafunzi wawili, inaikomboa meza ya kuandikia na kuliacha jiko lilivyo. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, aliye mezani anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliye jikoni anawasha mbabula, anapepea, anapika bukari gizani au kwa mwanga wa simu. Kama aliye mezani ni yuleyule kila siku, na aliye jikoni ni yuleyule kila siku, bateri haisaidii nyumba. Inamsaidia mmoja. Nyumbani kwetu ilinisaidia mimi, na sura yangu ya tatu iliandikwa kwa wati-saa hizo.

Mambo haya yametokea mahali pengine

Mke wangu, kama mwanahistoria, alinionyesha kwamba jambo hili lina watu walioliandika. Mwaka 1983 mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, alitoa kitabu More Work for Mother. Swali lake lilikuwa rahisi: kwa nini wanawake wa Marekani, baada ya kupata jiko la chuma, maji ya bomba, mashine za kufulia na umeme, hawakupata nafasi ya kupumzika kama ilivyotarajiwa?

Jibu lake lina sehemu mbili zinazotuhusu. Kwanza, mara nyingi chombo kipya kiliondoa kazi ya mtu mwingine. Katika nyumba za zamani mwanamume na watoto walipasua na kubeba kuni, walisaga nafaka. Majiko mapya na unga wa dukani uliwaondolea wao kazi hizo. Kupika kulibaki kwa mama. Pili, chombo kilipandisha kiwango cha kazi. Jiko lililoweza kupika vyakula vitatu kwa wakati mmoja lilifanya watu watarajie vyakula vitatu. Mashine ya kufulia ilifanya nguo zibadilishwe mara nyingi zaidi.

Sisi si Marekani, na nyumba zetu hazina umeme wa uhakika kama zile. Lakini sehemu hizo mbili nilizitambua mara moja. Kabla ya mashine, shemeji yangu mdogo alikuja kila Jumamosi kufua pamoja na dada yake. Mashine ilipofika, watu wa ukoo walisema: "Sasa haina haja, muko na mashini." Mtu mmoja wa kufua aliondoka, akabaki mmoja. Nami, niliyekuwa nikivaa shati siku mbili, nikaanza kuvaa shati jipya kila siku kwa sababu "mashine ipo". Friji nayo ilituletea nyama ya wiki nzima, na pamoja na nyama hiyo ililetwa kazi ambayo haikuwapo: umeme ukikaa siku mbili bila kurudi, nyama yote lazima ipikwe usiku uleule, hata kama kesho kuna semina.

Nani yuko ndani ya sentensi?

Tumefika kwenye eneo langu, isimu. Nilipotafuta kwa nini sikuyaona haya kwa miezi saba, niliona kwamba lugha yangu ilinisaidia kutoyaona.

Tuanze na ndoa yenyewe. Kutokana na mzizi mmoja, -oa, Kiswahili kinampa kila mtu mahali pake kwa viambishi. Mwanamume anaoa. Mwanamke anaolewa, kauli ya kutendwa. Wazazi wanaozesha, kauli ya kutendesha. Na wawili hao wanaoana, kauli ya kutendana, ambamo kila mmoja ni mtendaji na mtendewa kwa pamoja. Sisi tuliwaambia watu wote kwamba tunaoana. Lakini katika vitenzi vya kazi za kila siku, kile kiambishi -an- hatukukihamishia nyumbani. Nilisema ninasaidia, sikusema tunasaidiana. Na hata hilo la pili, nimeona baadaye, halitoshi.

Tatizo la kusaidia ni kwamba anayesaidiwa ndiye mwenye kazi. Nikisema "ninamsaidia bibi yangu kufua", nimekwisha kutamka kwamba kufua ni kwake, hata kama shati lililo majini nimelivaa mimi. Ndiyo maana ya swali lake: kazi ya nani? Vitenzi vinavyofaa ni vingine, navyo tunavyo: kugawana, kupokezana. Katika hivyo kazi haina mwenyewe mmoja.

Jambo la pili ni chombo kuwa kiima. Tunasema "mashine inafua", "resho linapika", "kompyuta inaandika". Lakini jina lenyewe la chombo linakataa. Ni mashine ya kufulia, na kiambishi -i- cha kauli ya kutendea kinatuambia kwamba hicho ni kifaa ambacho kwacho mtu fulani anafua. Jina linamhifadhi mtu huyo. Sentensi "mashine inafua" inamfuta.

La tatu ni vitenzi visivyokubali mtendaji. "Umeme umekatwa" inaruhusu tuulize: umekatwa na nani? "Umeme umekatika" hairuhusu. Sikilizeni sasa taarifa za nyumbani: maji yamejaa, bateri imejaa, nguo zimekauka, chakula kimeiva, simu ina chaji. Kila moja ina mtu nyuma yake, aliyeamka, aliyebeba, aliyeanika, na hakuna hata moja inayomtaja. Nilikuwa nikiamka asubuhi katika nyumba ambamo mambo yalikuwa yamejaa na kukauka na kuiva yenyewe.

La nne linawahusu hasa wanaofundisha Kiswahili sanifu hapa kwetu. Umbo la mazoea la hu- halina kiambishi cha nafsi. "Hupika", "hufua", "huamka usiku": ni mimi, ni yeye, ni sisi? Umbo halisemi. Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho baadhi yetu tunakionea haya darasani, kinatumia -ka mwishoni, nacho kinabaki na mtu wake: anapikaka, anafuaka, anaamukaka. Katika jambo hili usemi wa mtaani unatoa hesabu kamili kuliko ule wa vitabu. Kwa kazi inayorudi kila siku, hilo lina uzito.

Karatasi kwenye mlango wa friji

Tulifanya jaribio dogo ambalo mwanafunzi yeyote wa isimu anaweza kulifanya. Kwa wiki moja tulibandika karatasi kwenye mlango wa friji, safu mbili, yangu na yake. Kila kazi iliandikwa kwa sentensi ya kutenda, yenye nafsi na wakati. "Nguo zimefuliwa" ilikatazwa. "Mashine imefua" pia. Ilibidi kuandika nani amefanya nini.

Safu yake ilijaa upesi kuliko yangu. Hilo nilikuwa nimeanza kulitarajia. Nisilolitarajia ni aina ya vitenzi. Vyangu vilikuwa vitenzi vya fahari: nimenunua, nimelipa, nimetengeneza, nimefunga waya. Ni vitenzi vya mara moja. Ukishanunua bateri umenunua. Vyake vilikuwa vya kurudiarudia, na vingi havikuwa na kitu cha kuonyesha mwishoni: nimengoja, nimeamka, nimesikiliza, nimekumbuka, nimeangalia. Hizi hazimo katika orodha ya kawaida ya kazi za nyumba. Mtu akiulizwa kazi hizo ni zipi, atataja kupika, kufua, kufagia, kuchota maji. Hatataja kuungojea umeme. Haina jina, kwa hiyo haihesabiwi, kwa hiyo haigawanywi. Na ndiyo inayoharibu masomo zaidi ya nyingine, kwa sababu mtu anaweza kufua saa mbili kisha akasoma saa mbili, lakini hawezi kuandika sura ya tasnifu huku sikio lake liko jikoni.

Tukaipa jina: zamu ya umeme. Neno zamu tulikuwa nalo tayari. Migodi na viwanda vimewazoesha baba na babu zetu kulitumia. Mara ilipokuwa na jina, iliwezekana kuuliza swali ambalo hatukuwahi kuuliza: leo zamu ni ya nani?

Tulichobadilisha

Mabadiliko yenyewe ni madogo. Usiku wa zamu yangu, simu yenye kengele iko upande wangu wa kitanda, na mke wangu analala hata umeme ukija na kuondoka mara tatu. Usiku wa zamu yake mimi ninalala. Kabla ya hapo yeye alikuwa hajalala usiku mzima kwa miezi.

Wati-saa za bateri tunazigawana kabla ya jua kuzama. Kompyuta mbili na taa moja ni wati 110, basi zile 500 zinatosha sote wawili kwa saa nne na nusu hivi. Ama tunaandika wote saa nne, ama mmoja anachukua saa nane na mwingine anapika. Anayechukua leo hatachukua kesho.

Jikoni, chombo kilichotupa muda zaidi hakina waya. Ni kapu kubwa lililojazwa vitambaa na blanketi kuukuu. Maharagi yaliyolowekwa tangu jana yanachemshwa kwa nguvu kama dakika ishirini, kisha sufuria inafunikwa na kuzikwa ndani ya kapu. Joto linabaki, maharagi yanaendelea kuiva polepole kwa saa kadhaa, na baadaye yanarudishwa motoni kidogo tu. Hayawezi kuungua, kwa hiyo hayahitaji mlinzi. Nimejifunza kukiuliza kila chombo kipya swali hilo kabla ya kuuliza bei: je, kitafanya kazi bila mtu wa kukiangalia?

Mashine ya kufulia bado ipo. Inafanya kazi Jumamosi, umeme ukiwapo, na bidoni sita tunazibeba kwa kupokezana. Mama yangu alipotutembelea akanikuta ninamimina maji mashineni, aliuliza kwa wasiwasi kama mkwewe anaumwa. Nikamjibu: "Hapana, mama. Yuko maktabani. Leo ni zamu yangu." Hakusema kitu, lakini alibaki amesimama pale mpaka nilipomaliza kusuuza.

Lazima niseme pia kile ambacho mabadiliko haya hayakufanya. Hayakuongeza umeme hata wati moja, wala hayakuurudisha muda uliopotea. Mke wangu amekabidhi sura ya kwanza na yuko katikati ya ya pili, na profesa anayemsimamia amemwambia kwamba kuchelewa kwake kutamlazimu kuomba mwaka mwingine. Tasnifu yangu sasa inaenda polepole kuliko zamani. Mwanzoni hilo liliniudhi. Kisha nikazipitia tarehe za sura zangu tatu pamoja naye, usiku kwa usiku, tukaona ni saa za nani zilizoziandika.

Wenzangu mnaojiandaa kuoana kabla ya kumaliza masomo, na ninyi mliokwisha kuoana, ninawaomba mjaribu karatasi ile kwa wiki moja. Andikeni kwa nafsi, na kwa kauli ya kutenda. Kama mnaona hu- inawaficha, andikeni kwa -ka, kama tunavyosemaka mtaani.